Kisanduku cha Nne

Kalamu ya pale kaunta ilifungwa kwa kamba fupi, ikambidi fundi cherehani ainame kama mtu anayeomba radhi ndipo aifikie fomu ya kudai kurudishiwa nauli yake.

"Kufungwa kwa mipaka kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa hakumo kwenye bima yako ya safari, dada," karani alisema kwa mara ya tatu, na upole wake ndio uliokuwa ukikera zaidi. "Weka alama kwenye sababu inayokuhusu, nami nitakupitishia leo hii."

Visanduku vilikuwa vinne. Msafiri kuugua: yeye alikuwa buheri wa afya. Nyumba ya msafiri kuungua: ilikuwa imesimama pale pale alipoiacha asubuhi. Msafiri kuitwa mahakamani: aitwe na nani, kwa lipi? Cha nne kilisema, mzazi wa msafiri kufariki.

"Kwa hiyo kosa la mama yangu ni kuwa hai?"

"Sijasema hivyo, dada. Nakusomea mkataba tu."

Na safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kumuuguza mama huyo huyo. Miaka miwili ya kushona sare za shule ilikuwa imeishia kwenye tiketi ile.

Alipotazama chini alishtuka. Ncha ya kalamu ilikuwa imetua ndani ya kisanduku cha nne, na wino ulishaacha kitone.

Simu ikalia mkobani. Alikuwa mama.

"Mbona kimya, mwanangu? Uko wapi?"

Fundi alikitazama kile kitone.

"Nipo ofisini kwa watu, mama. Wanauliza hali yako."