Punda na Dawa ya Bure

Punda alikuwa mchukuzi wa chokaa, na vumbi lake lilimpa kikohozi kisichokoma. Aliposikia kwamba Daktari Korongo anatafuta wagonjwa wa kujaribia dawa mpya ya kikohozi, alipanda mlimani kujiandikisha.

"Dawa ni bure, Mzee Punda," alisema Korongo. "Utakuja hapa asubuhi saba mfululizo, basi."

"Nisipobeba chokaa sipewi majani, Daktari. Siku hizo saba wanangu watakula nini?"

"Hilo halimo katika utafiti wangu."

Punda alishuka akikohoa. Waliobaki katika majaribio ni Tausi na Swala, wenye shibe na nafasi, ambao maishani mwao hawajawahi kukohoa. Siku ya saba Korongo alitangaza kwamba dawa inafanya kazi ajabu, maana hakuna aliyekohoa. Akaandika pia kwamba punda hawajali afya zao.

Masika yalipoingia, kikohozi kilimpata Korongo mwenyewe. Akanywa chupa nzima, akakohoa. Akanywa ya pili, akakohoa zaidi. Kesho yake alitua zizini kwa Punda, tita la majani mdomoni, akaliweka chini.

"Mzee Punda, naomba tuanze upya. Haya ni majani ya siku saba, yako na ya wanao."

Punda aliyatazama, akawasogezea wanawe.

"Dawa ya kweli bado haijapatikana, Daktari, na siku saba hazitatosha. Utaleta majani mpaka tupone sote wawili."

Korongo alitaka kubisha, lakini kikohozi kilimkatiza. Akageuka, akaenda kukata mengine.