Mtoto Akiziba Jicho

Chai ilipita kando ya kikombe, ikaloweka sare ya mteja, na kabla haijafika sakafuni kofi lilikuwa limeshatua.

"Mara ya tatu wiki hii," alisema mama mshonaji. "Na toa mkono usoni ninaposema nawe."

Binti yake, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, hakuutoa. Alisimama kando ya cherehani na birika lake, kiganja kimeziba jicho la kushoto, kama mtu aliyechoka kutazama upuuzi. Jeuri hiyo ndiyo iliyomkera mama kuliko chai. Malalamiko ya kichwa alikwisha kuyazoea: kila baada ya miezi kadhaa kichwa kinauma, tena kila mara mtihani ukikaribia. Lakini dharau? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, naye hakutaka ulimwengu umtangulie. Akaongeza kofi la pili.

Shangazi mtu, aliyekuja kuchukua gauni lake, ndiye aliyeubandua ule mkono. Kope ilikuwa imeshuka nusu. Jicho lenyewe lilitazama mlangoni, peke yake.

"Wifi, hili jicho limeondoka bila kuaga," alisema, halafu hakucheka.

Hospitalini, daktari alimulika kurunzi, akazungusha kidole hewani, akaguna. Akasema huenda ni kipandauso cha nadra, kile kinachoukamata mshipa wa fahamu unaoendesha jicho: kwanza kichwa, siku chache baadaye kope na jicho. Akataka picha ya kichwa ipigwe leo leo, kwani yapo mabaya zaidi yanayofanana nacho.

"Jicho limeanza lini, mama?"

"Jana."

Ilikuwa siku ya tisa tangu mtoto aanze kuliziba. Shavuni kwa mtoto vidole vya mama bado vilihesabika. Mama akaivuta kola ya sweta juu, kama anayemkinga na baridi, akamwomba Mungu jambo moja tu: mtoto asiulizwe.

Daktari akachuchumaa mbele ya Kifungo. "Na wewe, mwanangu, mbona unaliziba? Linauma?"

Kifungo alimtazama mama kwanza. Mama alikuwa anatazama viatu vyake.

"Haliumi," alisema polepole. "Nikiliacha wazi, mama wanakuwa wawili. Nikiliziba, ananipiga mmoja tu."