Ulimbo wa Ijumaa

Matone yalikuwa matatu, kama Ijumaa iliyopita na ile ya kabla yake. Yamekaa juu ya boneti ya gari la Pijo, meupe, yananata.

Zubeir aliyatazama, akasema lahaula. Kisha, wallahi, akatabasamu.

Alikuwa dereva miaka ishirini na mitatu, Malindi hadi Mombasa, na foleni ya feri ya Kilifi ilimfunza kuzungumza na kila kiumbe. Macho yalipofifia akaacha kazi. Mkewe Fatu akatangulia mbele ya haki mwaka wa 1982, watoto wakatawanyika, na nyumba yake ya Shella, Malindi, ikabaki na sauti ya saa ya ukutani peke yake. Pijo nayo ilitoka uani mara moja kwa wiki, kwenda msikitini Ijumaa, kwa mwendo wa kinyonga. Siku nyingine ilikaa tu, pua yake imegusa ukuta wa jirani.

Ukuta wenyewe ulifika kifuani. Upande wa pili aliishi Bi Mastura, mjane aliyepika mafuta ya nazi na kuyauza, na uani kwake palikuwa na mfenesi uliotupa tawi moja juu ya Pijo. Mtu na akili zake angefikiri nini? Fenesi linavuja ulimbo, ulimbo unadondoka, gari linachafuka. Basi.

Mara ya kwanza Zubeir alifanya ujinga. Tone moja alilikwangua kwa kisu, jingine akalisugua kwa petroli, na rangi ikapauka pale ukubwa wa shilingi. Akapayuka peke yake kwa hasira. Ndipo Bi Mastura alipochomoza upande wa pili.

"Ulimbo hautoki kwa ugomvi, Bwana Zubeir," alisema. "Pokea mafuta."

Akaweka bakuli juu ya ukuta, akabaki hapo kumwelekeza. Kwanza maji mengi, mchanga na chumvi ya bahari vishuke, maana ukisugua juu ya mchanga unaikwaruza rangi kwa mkono wako mwenyewe. Halafu mafuta juu ya tone, na usiliguse tena, lilainike lenyewe. Kisha kipande cha kanga kuukuu, polepole. Mwisho sabuni, mafuta yasije yakashika vumbi.

Kule kungoja ndiko kulikokuwa kutamu. Tone lilitaka nusu saa kulainika, na nusu saa hiyo walizungumza. Yeye alimsimulia visa vya abiria wa feri. Bi Mastura alimsimulia habari za bintiye Shekha, aliyeolewa Mambrui, karibu hapo tu, na asikanyage kwa mamake. Alicheka vizuri Bi Mastura, akijifuta mikono iliyomeremeta mafuta hata kabla hajalishika bakuli. Mpika mafuta hakosi kung'aa, Zubeir alijisemea.

Hakuna mwingine aliyemwita kwa jina wiki nzima. Na mtaa una macho, una na ndimi. Mgane na mjane hawasimami ukutani kupiga soga bure bure. Lakini gari limechafuka, linasafishwa. Nani angeyasemea hayo?

Jumatano moja akaja mpwa wake Abdulghani, fundi seremala wa Kibarani. Aliposikia habari ya ulimbo alicheka.

"Mjomba, mti gani huu unaoijua Ijumaa?"

Hakungoja jibu. Aliazima shoka, akapiga hodi kwa Bi Mastura, akaomba kwa adabu aukate ule mkono wa mti. Bi Mastura angesema nini? Alimtazama Zubeir, Zubeir akamtazama, na wote wawili wakasema ahsante. Tawi likaanguka. Abdulghani akalikokota hadi mwisho wa njia, akanawa, akaaga amejaa furaha. Kuna wema ukitendewa unakosa hata pa kwenda kulilia.

Alhamisi Zubeir hakula. Kesho gari litakuwa safi, naye aende ukutani aseme nini baada ya sabalkheri? Upweke alikuwa ameshauzoea mpaka alipoionja dawa yake; sasa ulimuuma upya. Akajikaza kisabuni, akaenda sokoni kwa Kavumbi, mwuza matunda wa Ganda, akataka fenesi. Kavumbi akamchagulia lililoiva, linanukia. Zubeir akalirudisha, akaonyesha bichi.

"Hilo la nini, mzee wangu? Hilo ni ulimbo mtupu."

"Nipe hilo hilo," akajibu Zubeir.

Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, alijipaka mafuta mikononi kwanza, kama afanyavyo kila mtu wa pwani kabla ya kupasua fenesi, asije akagandana vidole. Akalipasua. Akachovya kijiti, akakizungushazungusha mpaka kikavaa ulimbo mzito. Halafu akatoka uani akinyatia kama mwizi wa kuku, mtu mzima na mvi zake anakwenda kulichafua gari lake mwenyewe.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Juu ya Pijo palikuwa na mbingu tupu, hapana tawi wala jani.

Juu ya boneti matone yalikuwa matatu, bado mabichi. Na bakuli la mafuta lilikuwa limeshawekwa ukutani.