Mwiko ni Mwiko

Sikieni ya Kigong'ota, ndege fundi wa kuchonga miiko ya kupikia. Alichonga matawi yaliyoanguka yenyewe tu, maana kwake kuugusa mti ulio hai kulikuwa mwiko. Nyani mwenye maneno matamu ndiye aliyeipeleka miiko hiyo sokoni akinadi, "Nunua mwiko, uokoe msitu." Wanyama wakanunua, Kigong'ota na Nyani wakapata chakula, na msitu ukabaki umesimama.

Asubuhi moja Kigong'ota akakuta msitu mzima umelala chini. Nyani alikuwa amemwita Tembo aisukume miti.

"Wateja wamezidi," Nyani akasema. "Haya, chonga."

Manyoya yakamsimama Kigong'ota kwa hasira. "Humo mlikuwa na makinda, Nyani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilala humo. Mara ngapi nimekwambia ni mwiko?"

Nyani akacheka. "Na sisi tunauza nini? Mwiko ni mwiko."

Kigong'ota akakataa kugusa hata kijiti. Nyani akayaguguna magogo mwenyewe, akajaza kikapu miiko mibichi iliyopindapinda, akashika njia ya sokoni.

Hakufika mbali. Fisi mwenye njaa akamtokea, naye akageuka mbio, kikapu mgongoni, hadi kwenye mti wake wa siku zote. Akakuta shimo la mizizi.

"Kigong'ota, ndugu yangu, nipande wapi?"

Kigong'ota alikuwa angani, akizunguka kutafuta pa kutua. Hata hakumtazama.

"Kikapu si unacho?" akasema. "Panda mwiko."