Mlezi wa Mkangazi

Jijini Dodoma kila mti wa barabarani ulikuwa na mlezi wake, na mlezi hakuruhusiwa kuhama mpaka mti ufe. Mkangazi ulio mbele ya nyumba ya Nyemo ulikuwa bado kijana; ungewazika hata wajukuu zake. Yeye ndiye aliyekuwa mlezi, ila magoti yalikuwa yamegoma, na bwana miti wa kata alikuja kumwandika mrithi.

"Andika Masima," Nyemo akasema. Masima, mwanawe wa kiume, hakuwa na safari yoyote. Dada yake, Sechelela, alikuwa amekwishafunga sanduku, kesho anakwenda chuo Mbeya.

Bwana miti akagusisha kifaa chake kwenye shina. "Mrithi ni yule ambaye mti unaujua mkono wake, mama. Huu unamjua Sechelela."

"Mti nao una macho?"

"Hauna. Nani alikuwa akiumwagilia?"

Nyemo akaitupia jicho ndoo ya maji. Tangu utotoni mwao, ndoo ilikuwa kazi ya msichana. Masima alipoishika, yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza akacheze mpira na wanaume wenzake.

"Mimi ningebaki, mama," Masima akasema, ameketi kwenye benchi. "Huko Mbeya nikafuate baridi?"

Sechelela alikuwa amesimama mlangoni akiwasikiliza. Aliingia ndani, wakasikia zipu ya sanduku ikifunguliwa.

Bwana miti akaomba maji ya kunywa. Nyemo akageukia mlangoni.

"Sechelela," akaita, na kabla hajajirudi amwite Masima, binti alikuwa ameshatoka na kikombe.