Utaratibu wa Wateja Walionyamaza

Siku hizi kumwandikia mtu kwa maneno yako mwenyewe ni kosa; unachukua utaratibu uliomo kwenye mfumo wa kompyuta unaotuma ujumbe wenyewe, unabadilisha jina. Mwanahawa aliporudi kwao kwa hasira, mumewe Mwinchande, muuza magodoro, alichukua ule wa dukani, wa wateja walionyamaza. Mfumo ukambembeleza mke, ukampelekea kanga. Kimya. Mwinchande hakutulia, mara dirishani, mara mlangoni.

Asubuhi moja hodi ikapigwa. Akakimbia kufungua, akakuta mwanamke mgeni na sanduku lake.

"Mfumo umeniita, kaka. Umesema wa kwanza hajibu, nafasi iko wazi."

Hapo Mwinchande akakumbuka hatua ya mwisho ya utaratibu ule, ambayo hakuifuta: mteja akizidi kunyamaza, tafuta mwingine.

"Dada, nakuomba uondoke upesi!"

"Niende wapi? Kwetu nimeshaaga."

Nyuma ya mgeni bodaboda ilisimama. Mwanahawa akashuka, amejitanda ile kanga.