Irabu za Wayahudi wa Ziwani

"Na usijaribu kumsomea baba zile irabu zako za kujitungia," Nasimiyu alimwonya, akiegemeza simu kwenye chupa ya maji. "Atakukataa, nakwambia."

Job akajaribu kuzikumbuka irabu za kweli. Zilikuwa zimemtoka kichwani. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta pale Al Sadd, mjini Doha, lakini kila Ijumaa baada ya ibada, wenzake wakienda mtaa wa Najma kula biriani, yeye alijifungia na mchezo wake wa mtandaoni. Tuseme Wayahudi wa kale walihamia ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Leo wangekisomaje Kiebrania chao? Herufi, ambazo ni konsonanti tupu, zilikuwa zilezile; irabu akazitunga mwenyewe. Wayahudi wake hawakuacha neno lining'inie bila irabu mwishoni. "Shalom" kwao ilikuwa "shalomi".

Mchezo ulikuwa na wachezaji wawili tu. Wa pili, aliyejiita Nukta, alikuwa mbishi wa kupigiwa mfano. "Shalomu, kijana! Midomo ikifunga, inafuata u!" Walizozana miaka, wakazoeana. Nukta alipenda kuuliza: umeoa? Unasali wapi huko Doha? Job, mpweke wa watu, alijibu yote.

Kisha Nasimiyu, muuguzi mgeni mjini, akaingia kanisani. Viti vilikuwa tele, naye akaja kuketi ubavuni pa Job. Bahati ya mtende! Job akampenda hadi akaogopa.

Sasa ilibaki baraka ya baba yake Nasimiyu, Mzee Jeremiah, aliyefundisha Kiebrania chuo cha wachungaji na kuwaangusha wengi. Bila baraka hiyo, Nasimiyu haolewi. Alishasema.

Uso wa mzee ukajaa kwenye kioo cha simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unajua Kiebrania. Hebu soma Zaburi ya ishirini na tatu."

Job akaanza vizuri. Mstari wa pili ulimi ukamponyoka, na irabu za ziwani zikamwagika zenyewe, i baada ya i. Nasimiyu akaufunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Job akadhani analia, na moyo ukamuuma.

"Nisamehe, mzee," akasema. "Hiyo si ya kweli. Nimeitunga, na sina nyingine."

Mzee akavua miwani, akaifuta polepole.

"Miaka yote hii nakufundisha u, wewe na i yako tu. Haya, muoe. Kwani ulidhani nani alimwelekeza binti yangu kwenye kanisa lenu?"